Kupata wimbo kwa sikio: nyumbani kwanza, kodi baadaye

Kosa linalowakwamisha wengi wanaojifunza kupata wimbo kwa sikio ni kushika chombo mapema. Wimbo unaanza kwenye simu, gita tayari liko mapajani. Mtu anajaribu kodi ya G, yaani sauti kadhaa za gita zinazolia pamoja, haikai. Anajaribu C, inakaa kidogo. Anajaribu A maina, nayo inakaa kidogo, na baada ya nusu saa hajui kama amepata au amechoka. Vidole vimefanya kazi, sikio halijafanya lolote. Kazi hii ni ya sikio na koo. Chombo huja mwisho, kuthibitisha.

Lamu pana tatizo la pili, ambalo mpigaji wa bendi ya hoteli kule Malindi hakutani nalo kila siku. Sehemu kubwa ya sauti zinazotuzunguka hazikutungwa juu ya kodi hata kidogo. Kasida za maulidi pale msikiti wa Riyadha, na matari na nai yake, ni lahani moja inayotembea na watu wote wakaifuata. Anayezitafutia kodi tatu za rumba atatafuta hadi alfajiri. Kwa hivyo kabla ya kuuliza "hii ni kodi gani?" kuna swali linalotangulia: wimbo huu una kodi? Tutalifikia, lakini halijibiki bila msingi.

Tuelewane kwa maneno. Kodi hapa ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Lahani, au mahadhi kama wengine wasemavyo, ni sauti moja moja zinazofuatana. Vyote viwili hupatikana kwa njia ile ile: kujua kila sauti iko umbali gani kutoka nyumbani.

Nyumbani ni wapi

Mwimbaji akiimba wimbo wa harusi leo kwa sauti ya juu, na kesho akaushusha kwa sababu koo limekauka, hakuna mgeni atakayesema wimbo umebadilika. Sauti zote zimebadilika, lakini masafa baina yao yamebaki. Ndiyo maana huhitaji lile sikio la nadra linalosikia kengele na kusema "hiyo ni A". A ya kulinganishia vyombo ni mitetemo 440 kwa sekunde. Ukiizidisha maradufu, 880, unapata A ile ile ya juu. Katikati yake pana hatua 12 za nusu toni, kila moja ikizidisha iliyo chini yake kwa takriban 1.0595. Kuzijua namba hizi si sharti la kupata wimbo. La lazima ni kuisikia sauti moja ambayo nyingine zote zinaizunguka.

Kuipata ni rahisi kueleza na hakutaki haraka. Sikiliza wimbo kwa dakika moja, mikono mitupu. Uzime ghafla, popote ulipofika. Nyamaza sekunde mbili, kisha vuma, mdomo umefungwa, ile sauti moja ambayo wimbo ungeweza kuishia hapo na watu wakainuka kwenda zao. Hiyo ndiyo do, ndiyo nyumbani. Washa tena, uzime mahali pengine, uvume tena. Ukivuma sauti ile ile mara tatu mfululizo, umeipata. Zikitofautiana, usiendelee mbele, rudia. Kila kosa la baadaye huzaliwa hapa.

Wanaokosea hatua hii mara nyingi huangukia so, sauti ya tano, kwa sababu nayo imesimama imara na husikika sana. Kipimo chake: kutoka sauti uliyovuma, teremka hatua kwa hatua, so-fa-mi-re-do. Ikiwa mwisho wa ngazi hiyo unatulia zaidi ya pale ulipoanzia, ulikuwa umesimama juu ya so.

Zoezi zuri kwa Mkenya yeyote ni wimbo wa taifa. Lahani yake ilitokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo, jirani zetu wa Mto Tana, ikapangwa mwaka 1963. Uimbe hadi ubeti wa kwanza ukaribie kwisha, unyamaze kabla ya neno la mwisho. Sikio linadai kitu. Kile linachodai ndicho unachojifunza kukitambua.

Wimbo huo unafunza jambo jingine. Umepangwa kwa maina. Wanafunzi hufundishwa kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni, na hilo limewapoteza wengi, kwa sababu wimbo wa taifa hauombolezi na nyimbo kadhaa za mapenzi zenye majonzi mazito ziko kwenye meja. Achana na furaha na huzuni. Tofauti kuu ni sauti ya tatu: katika meja iko nusu toni 4 juu ya nyumbani, katika maina iko 3. Vuma do, panda do-re-mi ya kawaida huku wimbo ukiendelea. Mi yako ikikaa, ni meja. Ikiuma kama jino, ishushe nusu toni. Ikitulia, ni maina.

Kila sauti ina tabia yake

Wanakwaya wa makanisa ya Malindi wanaosoma solfa wametangulia hapa, kwa kuwa wamezoea kuimba majina ya ngazi badala ya herufi. Asiyejua solfa huishika kwa wiki moja au mbili. Cha kukamata ni tabia, si majina. Ti inavuta juu kwenda do, karibu haivumiliki ukiiacha hewani. Fa inaegemea chini kuelekea mi. Re iko njiani, yaweza kwenda kokote. Mi na so zimetulia, ila so ni kavu na mi ina utamu. La ni ngumu zaidi kwa wanaoanza. Mara nyingi huichanganya na so kwa sababu lahani hupenda kuigusa la na kurudi so papo hapo.

Kuna njia nyingine inayofundishwa sana: kutambua umbali kati ya sauti mbili kwa kukumbuka mwanzo wa wimbo fulani. Hatuipendi. Umbali wa nusu toni 5 kutoka do kwenda fa na umbali ule ule wa nusu toni 5 kutoka so kwenda do ya juu husikika kama vitu viwili tofauti, kwa sababu wa kwanza unatoka nyumbani na wa pili unaingia nyumbani. Mwanafunzi aliyehifadhi umbali bila nyumbani hufaulu mtihani wa sauti mbili mbili kisha akapotea ndani ya wimbo mzima. Tena njia hiyo ni nzito mno: wimbo una mamia ya masafa, ilhali ngazi zake ni saba.

Robo saa kila siku inatosha, kuliko saa mbili za Ijumaa. Dakika tano, mtu mwingine au kinanda kipige do mfululizo nawe uimbe ngazi moja moja bila mpangilio: do, la, do, fa, do, ti. Dakika tano, chukua kipande cha lahani kisichozidi sauti saba, ukiimbe kwanza kwa "la la la", kisha kwa majina ya ngazi. Dakika tano za mwisho ndizo za chombo: tafuta do kwenye uzi mmoja wa gita au kitufe kimoja cha kinanda, na ulichoimba ukipige. Usichoweza kukiimba hujakisikia bado, hata kidole kikibahatika kukiangukia.

Besi na simu ndogo

Kodi hujulikana kwa besi kuliko kwa kitu kingine chochote, na hapa ndipo simu inapowadanganya watu. Uzi mzito wa gita la besi unatetema mara 41 kwa sekunde; uzi mnene wa gita la kawaida, mara 82. Spika ya simu, ndogo kuliko ukucha, sauti hizo za chini haizitoi kwa nguvu yoyote ya maana. Unachosikia ni vivuli vyake vya juu, na ubongo unajaza msingi uliokosekana. Mara nyingi unajaza sawa, lakini bendi ikijaa huchanganya besi na sauti ya gita la pili. Vaa spika za masikioni, hata za bei nafuu. Mtu ambaye kwa miezi mitatu amekuwa akisema "sisikii besi" mara nyingi huisikia siku hiyo hiyo.

Wimbo ukiwa na kasi, upunguze. YouTube ina kasi ya 0.75 na 0.5, na programu nyingi za simu hupunguza mwendo bila kushusha sauti. Chini ya nusu, sauti huanza kuyumba kama ipo chini ya maji, na besi nayo huharibika. Basi ishia hapo. Usitafute kodi yenyewe. Imba besi tu, sauti moja kwa kila badiliko, kwa majina ya ngazi: do… fa… so… do. Ukishaimba mfuatano huo, umepata mifupa ya wimbo.

Tuchukue mfano mdogo. Sehemu nne, kila moja ya mapigo manne, katika meja:

mi mi so mi / fa la fa – / re fa re ti / do

Sehemu ya kwanza ina mi na so. Sauti hizo mbili zimo kwenye kodi ya nyumbani (do-mi-so), lakini zimo pia kwenye kodi ya tatu (mi-so-ti). Lahani peke yake haikuambii. Besi ikilia do, ni ya kwanza. Sehemu ya pili, fa na la: yaweza kuwa kodi ya nne (fa-la-do), yaweza kuwa ya pili ambayo ni maina (re-fa-la). Tena uliza besi: fa au re? Sehemu ya tatu ina re, fa na ti, na hapo shaka inapungua sana, kwa kuwa kodi ya tano yenye saba ndani yake (sauti ya saba kuhesabu kutoka so) ni so-ti-re-fa. Ti na fa zikisikika ndani ya pigo moja, zimeachana nusu toni 6, na mvutano huo, ti juu kwenda do, fa chini kwenda mi, ndio unaolazimisha kurudi nyumbani. Sehemu ya nne, do. Ukiuweka wimbo huu kwenye G, unapiga G, C, D7, G. Na kama besi ya sehemu ya pili ilikuwa re, unapiga A maina badala ya C.

Angalia kilichotokea: herufi zilikuja mwisho kabisa. Anayeujua wimbo kwa ngazi atauhamisha kutoka G kwenda A mwimbaji akitaka, bila kuanza upya.

Mkanganyiko mkubwa zaidi wa kodi ni ule wa meja na maina yake jirani. C ni C-E-G. A maina ni A-C-E. Sauti mbili kati ya tatu ni zile zile, kwa hivyo ukipiga moja mahali pa nyingine haivunji wimbo, inaufifisha tu. Hiyo ndiyo ile "inakaa kidogo" ya mwanzo. F na D maina ni hivyo hivyo, G na E maina vilevile. Unaposikia kodi inakaa nusu nusu, usiruke mbali. Ya kweli huwa ni hiyo jirani, na besi ndiyo shahidi.

Wakati mwingine wimbo hauko popote: G iko chini kidogo, G kali (nusu toni juu ya G) iko juu kidogo. Chombo chako hakina ubaya. Kaseti nyingi za taarab zilinakiliwa kwa mashine ambazo hazikwenda mwendo mmoja. Mwendo ukizidi kwa asilimia 6 wimbo umepanda nusu toni kamili. Ukizidi kwa 3 umekwama katikati. Sahani za zamani zina shida hiyo hiyo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928 kwenye sahani za mizunguko 78 kwa dakika, na sahani kama hizo zikichezwa kwa mizunguko 80 tu, wimbo unapanda karibu robo toni. Linganisha nyuzi zako na wimbo, usilazimishe wimbo ukufuate.

Mdundo nao huficha kodi. Kodi hupenda kubadilika kwenye pigo la kwanza, na asiyejua la kwanza liko wapi husikia badiliko limechelewa au limewahi. Chakacha huwakosesha wengi: chapuo, ngoma ndogo, inagonga tatu tatu huku vumi, ngoma kubwa, ikikuvuta kuhesabu mbili mbili. Tembea mahali ulipo, mguu uende na vumi. Hesabu ya mguu ndiyo inayobeba kodi.

Pale kodi zinapokoma

Sasa lile swali lililosubiri. Sauti inapopita mahali ambapo kinanda hakina kitufe, jua umeingia kwenye maqam, yaani mifumo ya ngazi za sauti ya muziki wa Kiarabu. Watu wa Lamu wana utangulizi mkubwa hapa bila kujua. Adhana si muziki wala haihesabiwi hivyo, lakini sikio lililokua likiisikia mara tano kwa siku limezoea masafa ambayo mwanafunzi wa mbali huyatafuta kwa miaka. Hijaz na Rast ni miongoni mwa maqam ambazo waadhini huzitumia sana. Vilevile anayesikiliza udi wa taarab, kama wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, anasikia chombo kisicho na freti (vile vipande vinavyogawa shingo ya gita), ambacho kidole husimama popote sikio litakapo.

Maqam zote si sawa mbele ya kodi, na mpigaji wa kinanda harusini anahitaji kujua ipi inakubali na ipi inakataa.

Hijaz inakubali. Ukiianzia D, inakwenda D, E iliyoshushwa nusu toni, F kali, G, A, B iliyoshushwa, C. Alama yake ni ule mruko wa nusu toni 3 kati ya ngazi ya pili na ya tatu, na ukishausikia mara moja hauusahau. Sauti zote ziko kwenye vitufe. D meja inakaa, E meja iliyoshushwa inakaa, G maina na C maina zinakaa. Kosa la kawaida ni kuweka A meja kabla ya kurudi D, kwa mazoea ya rumba. A meja ina C kali na E kamili, na Hijaz hii haina hata moja kati ya hizo. Rudi nyumbani kupitia C maina au E iliyoshushwa.

Bayati inachagua. Kwenye D, ngazi ya pili ni E iliyoshushwa nusu ya nusu toni, katikati ya vitufe viwili. Zingine ziko mahali pake: F, G, A, B iliyoshushwa, C. Basi kanuni ni moja: usipige kodi yenye E. D maina (D-F-A), G maina (G-B iliyoshushwa-D), B meja iliyoshushwa na F meja zote hazina E, ziko salama. C meja, A maina na A meja zote zina E, na zikipigwa wakati mwimbaji ameshika ile E yake ya katikati, watu watadhani yeye ndiye ametoka nje ya sauti. Hapo mwimbaji anadhulumiwa na kinanda mbele ya wageni.

Rast ndiyo ngumu. Ngazi yake ya tatu yenyewe iko katikati ya meja na maina, kwa hivyo hata kodi ya nyumbani haipo. Kwenye C, piga C na G tu, acha tundu katikati, mwimbaji alijaze mwenyewe. Ukiweka E, umeifanya meja. Ukiishusha kwa kitufe cheusi, umeifanya maina. Kote kuwili Rast imepotea. Vinanda vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu huruhusu kushusha kitufe kimoja kwa robo toni, na ukiwa nacho, shusha E na B kabla wimbo haujaanza, uzirudishe kabla ya wimbo unaofuata. Kusahau kuzirudisha ndiko kunakoharibu usiku.

Kujifunza kuisikia ngazi hiyo ya katikati kunahitaji sauti moja isiyoyumba chini yake. Uzi mtupu wa udi ukipigwa polepole unafaa, au kitufe cha kinanda kilichoshikiliwa. Epuka kuutumia mvumo wa spika kwa kazi hiyo, ingawa koo hujivuta kuufuata bila wewe kujua. Umeme wa Kenya ni mizunguko 50 kwa sekunde, na spika mbovu huvuma kwa 50 na 100. G iliyo karibu ni 98, kwa hivyo mvumo uko juu yake kidogo, na anayelinganisha udi kwa mvumo huo ataupandisha wote. Kwa jenereta ni vibaya zaidi, kwani mvumo hupanda na kushuka kadiri taa zinavyowashwa.

Basi shika C, imba re, kisha E ya meja, kisha E ya maina, zote mbili safi, mara tatu. Halafu tafuta ile iliyo kati yao kwa kuteremka kutoka juu. Ukipanda kutoka chini utaifikia E ya maina ukadhani umefika. Jirekodi kwa simu, ukaisikilize kesho asubuhi kando ya rekodi ya fundi unayemwamini, sikio likiwa bado halijachoka.